Patasi Iliyogeuka Buluu

Siku yangu ya tatu kwenye karakana ile niliua patasi. Neno "niliua" si langu, ni la mzee aliyekuwa akinifundisha, na hakuwa anatania.

Nilikuwa nimesimama mbele ya jiwe la kunolea la umeme, cheche zinaruka, nami nimeikandamiza patasi kwa nguvu zote nikitaka nimalize ya sita kabla ya mapumziko. Ghafla ncha ikaanza kubadilika rangi. Ikawa manjano kama nyasi kavu, ikaja hudhurungi, ikaja zambarau, na kabla sijaamua nifanye nini ikawa buluu. Buluu ya kupendeza, inayometa kama shingo ya njiwa. Nikampelekea mzee kwa fahari kidogo, nikidhani nimegundua jambo.

Akaishika, akaigeuza mara moja, akanirudishia. "Hii umeiua."

Feleji ya zana ya kukatia hupashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha ikapoozwa ghafla, ikawa ngumu kiasi cha kuvunjika kama kigae. Ndipo inapopashwa tena, kidogo tu, ili ilegee kwa kadiri. Zile rangi ndizo kipimajoto cha wahunzi tangu enzi: manjano hafifu ni nyuzi joto 220 na kitu, buluu inakaribia 300. Ukifika buluu umeshailainisha kupita kiasi. Utainoa, itakuwa kali, itakata vipande viwili vitatu vya mbao, halafu makali yanalala. Dawa rahisi ni kusaga sehemu yote ya buluu hadi iishe, polepole, huku unachovya kwenye maji kila baada ya pumzi mbili. Nilitumia saa nzima. Nilipomaliza patasi ilikuwa imepungua karibu nusu sentimita, na karibu na mpini niliona maneno yaliyogongwa: CAST STEEL. Mzee akanieleza kwamba muhuri ule ni wa feleji iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo, njia aliyoibuni mtengeneza saa mmoja, Benjamin Huntsman, kule Sheffield katika miaka ya 1740. Patasi yenyewe aliikadiria kuwa ya karne ya 19. Imepita mikononi mwa watu sijui wangapi bila hata mmoja kuigeuza buluu, ikaja kunisubiri mimi.

Nilifikaje pale? Nitaeleza haraka, maana sehemu hii haina utamu. Uingereza kuna mashirika ya hisani yanayokusanya zana kuukuu, yakazifufua na kuzipeleka kwa mafundi wa nchi nyingine, hasa Afrika. Yanayojulikana zaidi ni Tools for Self Reliance, Workaid na Tools With A Mission. Nilipokuwa mimi sipataji, kwa sababu nina ya kulaumu huko mbele na sipendi kuwaumbua watu walionipa kitanda. Mgeni wa kawaida anaruhusiwa kujitolea kwenye shirika la hisani lililosajiliwa kwa siku zisizozidi 30. Ukitaka zaidi unahitaji viza ya mfanyakazi wa hisani, yenye ukomo wa miezi 12. Shirika lenyewe ndilo linalokudhamini, na mshahara haupo. Mimi nilikaa miezi tisa.

Kilichonipeleka ni aibu. Baba yangu alikuwa seremala, mimi ni mtu wa makaratasi. Ufundi wake sikuurithi. Nilichorithi ni randa yake, ambayo inakaa juu ya kabati langu la vitabu, imeshika kutu kama nanga. Niliona tangazo la watu wanaofufua zana, nikaitazama ile randa, nikajaza fomu.

Watu wakisikia habari hizi hudhani kazi kubwa ni kusafisha. Kazi kubwa ni kukataa. Zana zilikuja kwa magari, kwa mifuko, kwa masanduku ambayo mtu alikuwa ameyafunga kamba mwaka ambao mimi sijazaliwa, na baada ya kuua ile patasi, wiki mbili nzima sikugusa msasa. Nilisimama kwenye meza ya kuchambulia nikajifunza kusema hapana. Misumeno ya kisasa, kwa mfano. Itazame meno: kama ncha zake zina weusi au ubuluu, meno hayo yamekazwa kiwandani kwa umeme. Ni makali na yanadumu, lakini yakiisha yameisha, kwa sababu tupa haiyaingii, inateleza tu juu yake kama kidole juu ya kioo. Ukimpelekea fundi msumeno wa namna hiyo ulioishiwa nusu, umempelekea bati. Msumeno wa zamani, wenye meno laini, hata ukiwa mwekundu kwa kutu mwanzo mwisho, una maisha: unausugua, unayasawazisha meno, unayapinda moja kushoto moja kulia ili usikwame ndani ya ubao, unayatia tupa jino kwa jino, na umezaliwa upya. Kwa hiyo ule uliong'aa tuliutupa, ule uliooza tukautunza. Wageni waliotembelea karakana hawakuelewa jambo hili hata kidogo.

Halafu zile za umeme za rangi ya manjano. Kwenye maeneo ya ujenzi kule hutumika zana za volti 110 kwa ajili ya usalama, kupitia transfoma, na plagi yake ni ya manjano. Makampuni yakibadilisha vifaa huleta rundo zima: vizuri, safi, karibu vipya. Mtu akiipokea mahali penye umeme wa volti 230, akaikata ile plagi asiyoijua na kufunga ya kawaida, mota inaungua siku hiyohiyo. Nilikuta mashine nne za namna hiyo ndani ya sanduku lililokwisha kufungwa tayari kwa safari. Nilipouliza nikajibiwa kwamba aliyezitoa ni mfadhili mkubwa, na ingekuwa vibaya kuzikataa. Nikauliza vibaya kwa nani. Hatukuelewana siku hiyo, lakini mashine zilitoka sandukuni.

Kuna bibi mmoja simsahau. Aliingia na sanduku la marehemu mumewe, akasaidiwa kulishusha. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi yao. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita mama, akacheka, akasema sawa. Nilifungua droo za sanduku moja baada ya nyingine. Kila patasi ilikuwa kwenye nafasi yake, imefungwa kitambaa chenye mafuta, na kwenye ukingo wa kila droo kuna mwandiko wa penseli wa kipimo chake. Mtu huyu alijua kwamba atakufa kabla ya zana zake. Bibi alisimama akitazama, akaondoka, akafika mlangoni, akarudi. Aliomba bisibisi moja, ndogo, ya mpini wa mbao uliopasuka, ambayo kwa vyovyote ningeitupa. Akaitia mfukoni, akaenda zake.

Kutu inaondoka kwa njia nyingi na kila mtu pale alikuwa na dhehebu lake. Wapo wa siki, wapo wa brashi ya waya, wapo waliokuwa tayari kugombana kwa ajili ya msasa. Mimi nilipenda beseni. Unachukua beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri ya gari. Zana unaifunga waya hasi, kipande cha chuma kikuukuu unakifunga waya chanya, na visigusane. Unawasha. Mapovu madogo yanaanza kupanda juu ya ile zana kama vile inapumua, na kesho yake kutu imegeuka tope jeusi unalolifuta kwa kitambaa. Mapovu ni haidrojeni, kwa hiyo madirisha yawe wazi na usivute sigara jirani. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromiamu majini. Na ukizigeuza nyaya, zana yenyewe ndiyo inayoliwa. (Randa ya baba? Bado iko juu ya kabati. Bado ina kutu. Msiniulize.)

Lakini kazi niliyokuja kuipenda ni randa. Nyingi zilizotujia zilikuwa za chuma, zile za namba nne, kisu cha inchi mbili, za makampuni ya Stanley au Record. Umbo lake lilibuniwa na Mmarekani Leonard Bailey, na Stanley wakanunua haki zake mwaka 1869. Tangu hapo limebadilika kidogo sana, kiasi kwamba mara nyingi kisu cha randa ya bibi kinaingia kwenye randa ya mjukuu. Unaifungua yote mezani. Unatoa kibano, unatoa kisu na kile kibati kinachokaa mgongoni mwake, unang'oa kitanda kinachokilaza kisu kwa nyuzi 45. Tumbo la randa unalisugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene, na kabla ya kuanza unalichora mistari ya penseli. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, tumbo limenyooka. Mgongo wa kisu nao ni lazima uwe bapa kabisa kule kwenye ncha. Hapo ndipo wengi huibia, kwa sababu mgongo hauonekani ukishafunga. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na vishimo vya kutu, unanoa nusu ya kisu.

Mzee hakukubali randa kwa kuitazama. Aliibana mbao kwenye jiliwa, akapitisha mara moja, akaliinua lile ganda jembamba la ubao lililotoka, akaliweka juu ya gazeti. Kama herufi zilisomeka, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kama hazikusomeka, alikuachia gazeti ulisome mwenyewe.

Hapa ndipo ugomvi wetu wa maana ulipoanzia. Mbao tuliyojaribia ilikuwa msonobari. Siku zote msonobari, laini kama mkate uliolala usiku mmoja. Visu vyote tulivinoa kwa nyuzi 25, pengine 30 kwenye ncha kabisa, na juu ya msonobari viliimba. Mimi nikawa na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza, wasiwasi wa mtoto aliyekaa chini ya benchi la seremala akicheza na maranda bila kusikiliza. Nikampigia simu baba mdogo, aliyefanya kazi na baba miaka mingi na bado anaranda.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huko wazungu wamekufundisha kushika nyundo?"

Nikamuuliza yeye hunoa kisu cha randa kwa nyuzi ngapi.

"Nyuzi? Mimi sina hizo. Nanoa mpaka nione inakaa."

"Inakaa kwenye nini?"

"Kwenye mvule, kwenye mpingo. Mvule una mawe ndani, hujui? Ukichonga kisu chako chembamba kama wembe, ukikutana na jiwe umekatika mdomo. Kipe tumbo kidogo, yaani unene, nyuma ya makali. Baba yako alikuwa akinigombeza kwa hilo, na wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Asubuhi nikamwambia mzee kwamba mvule una mawe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wana meno. Lakini ndivyo: mvule huweka ndani ya mbao yake madonge ya kabonati ya kalsiamu, yaani jamii ileile ya chokaa, na wapasuaji mbao wanayajua vizuri kwa sababu yanaharibu misumeno. Mpingo hauna mawe, ila ni mzito hata unazama majini, na kisu chembamba haukiogopi, unakivunja. Mzee alikaa kimya, akachukua penseli. Kitanda kiko kwenye nyuzi 45, akasema, kisu kimelala kifudifudi, upande ulionolewa chini. Ukinoa kwa nyuzi 35 zinabaki kumi nyuma ya makali ili kisisugue ubao. Inawezekana. Kwa nini hakuna aliyetuambia?

Kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sikumjibu hivyo, ana umri wa babu yangu. Lakini mezani palikuwa na miaka mingi ya ujuzi wa chuma, watu walioweza kusoma historia ya msumeno kwa kushika mpini wake tu, na katika miaka yote hiyo swali la mbao gani itakatwa halikuwahi kupita. Zana zilikuwa zikifufuliwa kwa ajili ya karakana zilimotoka.

Kwenye cherehani hali ilikuwa afadhali, kwa sababu yule mama aliyezisimamia alishapata somo lake. Alikuwa na chumba chake, kimejaa Singer nyeusi zenye maua ya dhahabu, nyingi zikiwa za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo, lakini kituo cha treni cha hapo mpaka leo kinaitwa Singer. Nilipoingia mara ya kwanza niliikimbilia iliyokuwa nzuri kuliko zote, ndogo, ya mkono, umbo la kiuno cha nyigu, shato lake, kile kibebeo cha uzi wa chini, refu kama risasi likienda mbele na nyuma chini ya sindano. "Hiyo haiendi popote," akasema bila kuinua macho. Bobini ya shato lile ni kijiti kirefu chembamba, na fundi cherehani akiipoteza si rahisi apate nyingine. Aliyoipeleka yeye ni ile ya aina ya 15, isiyo na sura, ambayo Wajapani waliinakili baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Wachina na Wahindi nao wakaitengeneza kwa wingi, kiasi kwamba bobini yake na sindano yake unazikuta karibu kila mahali panaposhonwa nguo. Zile nzuri aliwauzia wapambaji wa majumba, na fedha yake ikanunua mikanda na sindano. Sijaona mtu mwenye akili ya hisani iliyonyooka kama huyo mama.

Ninalolaumu ni suala la tupa. Kikundi kimoja cha maseremala kilikuwa kimetuandikia barua, nikapewa niitafsiri kwa sababu ilikuwa kwa Kiswahili. Walishukuru kwanza, kwa adabu, aya mbili nzima. Halafu wakaeleza kwamba misumeno wanayo ya kutosha. Kinachowakwamisha ni tupa za pembe tatu za kunolea meno. Wanatumia moja watu saba, nayo imekuwa laini kama kijiko. Wakaomba tupa, wakataja na vipimo.

Tupa hainoleki kama patasi. Vijino vyake vikilala, imekuwa fimbo ya chuma. Kwa hiyo katika maelfu ya zana zinazoletwa na wafadhili, tupa nzuri hazimo, maana hakuna mtu anayekufa akaacha tupa mpya. Ni lazima zinunuliwe dukani. Na hapo uongozi ulisita miezi miwili. Picha ya msumeno uliokuwa mwekundu ukawa mweupe inavutia wachangiaji. Picha ya boksi la tupa mpya haimvutii mtu. Nilikaa kwenye kikao nikasikia ikisemwa, kwa nia njema kabisa, kwamba tuwapelekee misumeno zaidi ili wasihitaji kuinoa. Nilitafsiri ile barua mara ya pili, safari hii kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na zile aya mbili za shukrani. Hatimaye zilinunuliwa, kwa fedha za yule mama wa cherehani.

Mwezi wangu wa mwisho tulikuwa tunafungasha. Masanduku yalikuwa ya plaiwudi, na kuna sababu: mbao ghafi ya kufungashia mizigo ya kimataifa ni lazima itibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa joto mpaka moyo wake ufike nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe, kisha igongwe muhuri, plaiwudi inasamehewa kwa kuwa imeshapitia joto na gundi kiwandani. Kila sanduku lilikuwa la fundi mmoja au kikundi kimoja, na orodha ya kila kilichomo imebandikwa ndani ya mfuniko. Moja nililifungasha mwenyewe toka mwanzo, lile la maseremala wa barua. Niliwawekea patasi sita, pamoja na yangu fupi yenye muhuri wa CAST STEEL, tupa dazeni mbili zikiwa zimefungwa mojamoja kwa karatasi zisisuguane, na randa namba nne niliyoifanyia kazi siku nne. Kisu chake nilikinoa kwa nyuzi 35 kamili. Mzee alipima kwa kile kipimo chake cha shaba, akaona ni 35 kweli, akatia sahihi.

Picha ilikuja miezi mitano baadaye, nami nimesharudi kwenye makaratasi yangu. Sanduku letu limegeuzwa juu chini, limepigiliwa miguu, limekuwa benchi. Juu yake kuna randa, imelazwa ubavu kama inavyotakiwa, na kisu chake kimechomolewa kimewekwa pembeni. Niliikuza picha mpaka ikaanza kuvunjika. Ncha ilikuwa imenolewa upya, si kwa nyuzi zangu wala za mzee, na nyuma ya makali kulikuwa na tumbo.